Uzi: "Na" ni kiunganishi siku zote? Na hiyo "aidha" mnayoitumia mmeitoa wapi?

#1 Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Chumba cha walimu kimeshindwa kulimaliza jambo hili, nalileta kwenu. Jaribio la kidato cha pili lilikuwa na sentensi "Asha ameumwa na nyuki". Neno "na" limepigiwa mstari, mwanafunzi aseme ni aina gani ya neno. Mwongozo wa kusahihishia unasema kiunganishi. Mwenzangu mmoja kakataa kuufuata, anasema hapo ni kihusishi (neno linaloonyesha uhusiano wa neno na neno), na wote walioandika kiunganishi kawapiga mkasi. Wazazi wameanza kufika shuleni.

Mimi nasimama na aliyekataa.

Watoto wetu tunawakaririsha orodha: na, au, ama, lakini, ila, bali, wala, kwa sababu, ili, ingawa. Mtoto akiliona neno lililomo kwenye orodha, anaandika "kiunganishi" bila hata kusoma sentensi. Ila kiunganishi ni kazi. Neno linaitwa hivyo linapofunga pamoja vitu vya hadhi moja (nomino kwa nomino, kirai kwa kirai) au linapofunga kishazi, yaani fungu la maneno lenye kitenzi, kwa kishazi kingine. Lisipofanya kazi hiyo, jina lile halilistahili hata kama limo kwenye kila orodha ya nchi hii.

Jaribuni kugeuza pande. "Asha na Juma wamekuja." Geuza: "Juma na Asha wamekuja." Habari ni ile ile. Sasa geuza "Asha ameumwa na nyuki" iwe "Nyuki ameumwa na Asha". Hiyo ni habari nyingine kabisa, tena ya gazetini. "Na" ya hapo inamtaja mtenda wa kitenzi cha kutendwa, haiungi Asha na nyuki.

Kipimo cha pili ni upatanisho. "Asha na Juma wamekuja": kiambishi cha wingi, maana wameungwa wakawa kiima kimoja. "Asha amekuja na Juma": umoja. Aliyekuja kisarufi ni Asha, Juma kafuatana naye. Neno lile lile, watu wale wale, kazi mbili.

Bado hatujagusa "nina", "ana", "kuna", ambamo "na" imeshaingia kwenye uti wa kitenzi na kubeba maana ya kumiliki au kuwepo. Nayo tuiite kiunganishi?

Nawasilisha.

#2 Mkokoteni

Mkuu, mwongozo ni mwongozo. Mtoto akikutana na swali hilo kwenye mtihani wa taifa, utakwenda kumsahihishia wewe?

#3 Shabiki Damu

Nimeona kichwa nikadhani tunajadili kiungo mkabaji. Kumbe sarufi. Natoka taratibu.

#4 Mwalimu wa Zamu

Shabiki Damu, usitoke, umegusa penyewe. Kiungo wa mpira, viungo vya pilau, viungo vya mwili na kiunganishi, mzizi wao mmoja: unga, ungana, unganisha. Siku hizi hata anwani ya kubofya mtandaoni tunaiita kiungo, na wengine huiita kiunganishi. Kwenye sarufi tofauti ni kwamba kiunganishi kinabeba ile "-ish-" ya kusababisha: ni kitu kinachofanya vingine viungane, chenyewe kikabaki katikati.

#5 Maalim wa Kisauni

Assalaam alaykum. Ndugu yangu Mwalimu, nimesoma hoja yako nikafurahi, kwani jambo hili sisi tuliosomeshwa nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, madrasa tunalifahamu kwa mlango mwingine.

Nahau ya Kiarabu, tangu Sibawayhi wa Basra katika karne ya 8, huyagawa maneno mafungu matatu tu: ismu (jina), fiili (kitenzi) na harfu (vijineno vingine). Hicho mnachokiita kiunganishi na hicho mnachokiita kihusishi vyote vimo kapu moja la harfu. Kwa hivyo mtu aliyepita huko haoni ajabu "na" moja kufanya kazi mbili. Lakini ndani ya kapu hilo wanazuoni walizipanga harfu kwa kazi zao, wala si kwa sura zao. Kuna harfu za atfu, yaani za kuunga, ambazo neno linalofuata huchukua irabu ile ile ya neno lililotangulia. Baba akisoma kwa dhumma (irabu "u"), mwana naye husoma kwa dhumma. Hiyo ndiyo "hadhi moja" uliyoitaja, na katika Kiarabu husikika mdomoni. Halafu kuna harfu za jarri, ambazo neno linalofuata hupigwa kasra (irabu "i"), lililotangulia liwe na irabu yoyote.

Tazama harfu moja tu, wawu, yaani ile "wa" ya Kiarabu yenye maana ya "na". Ukisema "Zaydun wa Amrun", hiyo ni wawu ya atfu. Ukisema "Wallahi", hiyo ni wawu ya kiapo, nayo ni ya jarri, ndiyo maana jina linashuka kwa kasra. Herufi ile ile. Hakuna mwanafunzi wa nahau anayeambiwa "wawu ni harfu ya atfu" halafu akaachiwa hapo, lazima aulizwe: wawu gani?

Basi nanyi waulizeni watoto: "na" gani?

#6 Binti Pangani

Shikamoo Maalim. Mimi ni mhariri wa vitabu vya kiada hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa uzi umefika kwenye Kiarabu, naomba nitoe dukuduku langu kuhusu AIDHA.

Aidha ni "vilevile", "zaidi ya hayo". Imetoka kwenye Kiarabu ikiwa na maana hiyo, na hivyo ndivyo tunavyoisikia kwenye taarifa ya habari: "Waziri amezindua daraja. Aidha, amewataka wananchi kulitunza." Haina shida.

Miaka hii kila muswada unaonifikia una "aidha aje au asije", "aidha ununue aidha uache". Wanaichukulia kama "either", neno la Kiingereza lenye sauti inayofanana nayo, linalomaanisha kuchagua. Sauti imewadanganya. Kiswahili kina "ama... ama..." na "ama... au...", tena tamu mdomoni: "Ama zako ama zangu!" Nani aliwahi kutishia mtu kwa kusema "aidha zako aidha zangu"?

Mimi nazikata zote. Waandishi wananinunia.

#7 Kijana wa Mjini

Dada, lugha inakua. Watu milioni wakisema aidha kwa maana ya ama, hiyo ndiyo maana yake. Wewe na kalamu yako nyekundu mtabaki kituoni.

#8 Binti Pangani

Kijana, lugha kukua nakubali. Neno "ila" limekua mbele ya macho yangu, nalo silikati. Tatizo la aidha ni kwamba maana ya zamani bado iko hai, inatumika kila siku, nayo inapingana na hiyo mpya. Moja inaongeza, nyingine inachagulisha. Msomaji atajuaje?

#9 Karani Mstaafu

Msomaji hatajua, na mimi nitawapa mfano unaouma.

Nimekaa masjala ya mahakama kwa muda mrefu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Jambo jema. Lakini tangu hapo viunganishi vimekuwa na uzito ambao zamani hatukuuhisi.

Chukueni sentensi hii ya kutunga: "Mshitakiwa atalipa faini ya shilingi 500,000, aidha atatumikia kifungo cha miezi 6." Kwa Kiswahili cha Binti Pangani, huyu analipa NA anakwenda ndani. Kwa Kiswahili cha Kijana wa Mjini, analipa AU anakwenda ndani. Miezi 6 ya mtu imening'inia kwenye neno moja.

Waliotutangulia walilijua hili, ndiyo maana kwenye vifungu vya adhabu mnakuta: "faini... au kifungo... au vyote kwa pamoja." Ni maneno marefu, lakini hakuna wakili atakayepata pa kuchomeka mguu. Sasa vijana wanaofasiri mikataba wananiletea "na/au" yenye mkwaju katikati. Someni kwa sauti mbele ya hakimu muone: "na mkwaju au"! Kiswahili hakihitaji kitu hicho. Ukitaka yote mawili yawezekane, sema "au vyote viwili". Basi.

#10 Kijana wa Mjini

Karani, kwa mahakamani nimekubali. Kwa vijiweni sikubali.

#11 Wa Eastlands

Niko Nairobi. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akitupigia mstari mwekundu kila tukiandika "Sikuja juu kulikuwa kunanyesha". Anasema "juu" ni kielezi cha mahali, si cha sababu. Lakini mtaani hakuna anayesema "kwa sababu". Ni "juu" tu, asubuhi hadi jioni. Kwa kipimo cha Mwalimu wa Zamu cha kazi, hiyo "juu" si inaunga kishazi na kishazi? Basi ni kiunganishi au si kiunganishi?

#12 Mama Kenya-Lushi

Kwetu Lubumbashi tunasemaka vile vile: "Sikutumika leo juu niko mugonjwa", yaani sikufanya kazi leo kwa sababu ni mgonjwa. Nilidhani ni sisi Wakongo tu!

#13 Mwalimu wa Zamu

Ndugu Wa Eastlands, kwa kazi ni kiunganishi, tena cha sababu, hakina dosari. Kwamba si cha Kiswahili sanifu ni mazungumzo mengine. Mtoto wa shule aandike "kwa sababu", "kwa kuwa", "kwa vile", "kwani" au "maana" kwenye insha yake, ila mwalimu asimwambie kwamba neno la mtaani halina sarufi. Linayo. "Mpaka" nalo lilianza kama jina la mstari kati ya shamba na shamba, leo tunasema "Subiri mpaka nirudi" na hakuna anayetafuta bikoni.

#14 Fundi Sentensi

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Naona wote mmeng'ang'ania maneno yanayoonekana. Naomba niwapeleke chini kidogo, kwa sababu ukiyafumua viunganishi vya Kiswahili unakuta mafungu mawili ya ajabu.

Fungu la kwanza ni yale yaliyokuja mazima mazima kutoka Kiarabu: au, ama, lakini, walakini, bali, wala, ila, ilhali, maadamu, hata. Hayafumuliki kwa Kiswahili. Yameingia yakiwa yameshapikwa.

Fungu la pili ni ya nyumbani, na mengi yake ni VITENZI vilivyojificha.

Ingawa: i-nga-wa. Hapo kuna kitenzi "wa" na kiambishi cha "-nga-". Zamani kilikuwa kinabadilika kama kitenzi kingine chochote, "wangawa wengi, hawana nguvu". Baadaye kikaganda kwenye "i-" na kuwa neno moja la watu wote.

Ijapokuwa: i-japo-kuwa. Wazee bado wanasema "wajapokuja, hawatapata kitu".

Ikiwa, iwapo, isipokuwa: sihitaji kuyafumua, mnayaona wenyewe.

Kisha: ni kule kule kwa kwisha. Jambo limekwisha, linafuata jingine.

Na kipenzi changu, KWAMBA. Hicho ni "ku-amba", yaani kusema. Kitenzi "amba" peke yake kimekufa midomoni mwetu, lakini kwenye tenzi za kale utakikuta, "akamba" maana yake akasema. Mtoto wake bado yuko hai na anafanya kazi kila siku: ambia. Mjukuu wake ni huyu "ambaye, ambacho, ambao" wa kurejesha. Kwa hiyo ukisema "Aliniambia kwamba...", umemtumia baba na mtoto katika pumzi moja.

Kwa nini vitenzi? Kwa sababu katika Kiswahili kazi kubwa ya kuunga haifanywi na maneno ya katikati, inafanywa ndani ya kitenzi. Sikilizeni mtu wa pwani akisimulia: "Nilikwenda sokoni nikanunua changu wawili nikarudi nikawapaka chumvi nikawaacha." Vitenzi vitano, viunganishi sifuri. "-ka-" imefanya yote. "Ukija utanikuta": "-ki-" imefanya kazi ya "kama". "Nimekuja nikuone": irabu "-e" mwishoni imefanya kazi ya "ili".

Sasa angalieni tafsiri za siku hizi: "Nilikwenda sokoni na nikanunua samaki na nikarudi nyumbani na nikawapaka chumvi." Kila sentensi imepigwa msumari pale ambapo seremala alishatengeneza ulimi wa kuingia kwenye tundu. "Na" na "-ka-" ni kazi moja kulipwa watu wawili. Ukitaka "na" kati ya vitenzi, tumia cha pili kwa "ku-": "Walikaa na kuzungumza." Hapo inapendeza.

#15 Maalim wa Kisauni

Fundi, ahsante sana. Niongeze katika hilo fungu la kwanza: si yote yaliyobaki kama yalivyokuja. "Wala" na "walakini" zote zina ile wawu ndani yake. Kwa hivyo anayesema "na wala" amesema "na" mara mbili, ingawa simkosoi, kwa sababu Mswahili alipolipokea neno alilipokea zima na sasa ni lake.

Na kuna lililogeuka jina. Tunasema "biashara yake ina walakini", yaani ina dosari. Kiunganishi kimetoka kati ya sentensi mbili kikaenda kukaa peke yake kama nomino, na tumekubali. Watu hudhani "ila" katika "kizuri hakikosi ila" ndiyo mambo hayo hayo. Siyo. Ila ya dosari ni neno jingine la Kiarabu, lenye herufi 'ayn, na ila ya kumtoa mmoja katika kundi ("wote wamekuja ila Musa") ni jingine. Yamekutana Kiswahilini yakavaa nguo moja.

#16 Mkokoteni

Maalim hapo umenimaliza. Miaka yote najua ni neno moja.

#17 Binti Pangani

Kabla uzi haujapoa, jamani "bali". Bali inadai kanusho mbele yake. "Hakuja Jumatatu bali Jumanne." "Si mvivu bali mgonjwa." Unalikataa la kwanza ndipo unaliweka la pili mahali pake. Siku hizi nasoma: "Chakula kilikuwa kitamu bali kilichelewa." Hapana. Hiyo ni "lakini" au "ila". Wanadhani bali ni lakini iliyovaa suti.

Na "wala" hivyo hivyo, inataka kukanusha kumeshaanza: "Sina pesa wala kazi." "Hali wala hanywi." Ile "Wala!" ya kujibu mtu peke yake ("Umekasirika?" "Wala!") sihesabu hapa, hiyo imeshakuwa kitu kingine.

#18 Kijana wa Mjini

Sawa na "Kwani". "Hakuja kwani aliumwa", inaunga. "Kwani wewe nani?" inaunga nini? Inaunga ngumi na uso.

#19 Mwalimu wa Zamu

🤣 Kijana, hiyo nitaitumia darasani. Na umeelewa hoja ya uzi kuliko waliotunga ule mwongozo: "kwani" ya pili ni neno la kuulizia, haina kishazi cha upande wa pili. Hata "Ila jamani!" mnayoianzishia maneno iko njia hiyo hiyo, inasimama peke yake.

Swali lililonifikia pembeni: na ile "-a" ya "kitabu cha mtoto", je? Kuna wanaoifundisha kama kiunganishi, eti kwa kuwa inaitwa a-unganifu. Mimi nasema hapana. Kiunganishi hakibadiliki kwa ajili ya mtu. "Lakini" ni "lakini" ukiwa na watu, viti au maji. Hiyo "-a" inapatana na ngeli: cha, la, ya, wa, vya. Kitu kinachoburutwa na nomino ya mbele yake hakijasimama katikati.

#20 Karani Mstaafu

Mwalimu, hatima ya wale watoto ikawaje?

#21 Mwalimu wa Zamu

Idara imekaa jana. Waliojibu kihusishi wamepewa alama. Waliojibu kiunganishi nao wamepewa, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na haikuwa haki waumie wao. Swali limeondolewa kwenye benki ya maswali, na kuanzia muhula ujao halitungwi swali la "na" bila kumwomba mwanafunzi aeleze imefanya kazi gani. Mwenzangu hajafurahi sana kwamba waliojibu kiunganishi nao wamepewa alama, ila kanyamaza.

#22 Kidato Cha Tatu

Shikamooni wote. Na mimi nina swali na ninataka jibu. Kwenye sentensi yangu hiyo ya pili "na" zipo nne. Viunganishi ni vingapi?

#23 Mwalimu wa Zamu

Marahaba mwanangu. Kimoja, ile ya tatu, inayofunga "nina swali" na "ninataka jibu". Ya pili iko ndani ya "nina", ni ya kumiliki. Ya nne ni kiambishi cha wakati uliopo, si neno hata kidogo. Ya kwanza ni ya kusisitiza, maana yake "mimi pia".

#24 Fundi Sentensi

Viwili. Ya kwanza inamuunga mtoto na sisi sote tuliouliza kabla yake.

#25 Mwalimu wa Zamu

Fundi, sisi hatumo kwenye sentensi yake.

#26 Fundi Sentensi

Tumo kwenye uzi.

#27 Maalim wa Kisauni

Wawu ya mwanzo wa maneno, isiyofunga kilichotangulia katika sentensi, ina jina lake katika nahau: wawu ya istinafu. Nipeni nafasi niswali isha, nikirudi nitaieleza.